Zahiri na Batini ya Chuma

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, barazani pa jirani yangu, palizuka mjadala ambao hata leo haujanitoka moyoni. Kijana mmoja wa mtaani, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akija msikitini pamoja na rafiki zake, alikiri mbele ya wazee, kwa uaminifu uliostahili sifa, kwamba yeye huswali kwa sababu wenzake huswali, na kwamba viungo vyake huinama na kuinuka ilhali moyo wake uko sokoni au uwanjani. Mzee mmoja, mtu mwenye elimu na uchaji ambaye namheshimu kama baba, alimjibu, "Mwanangu, ibada isiyo na moyo ni ganda lisilo na kiini. Afadhali ukae nyumbani mpaka moyo wako utakapokuita." Mwingine akapinga, akasema kuwa sheria huhukumu yaliyo zahiri, na yaliyo batini ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Kijana aliwasikiliza wote wawili, akasema, "Nimesikia, sheikh," akaaga, na tangu usiku ule hatujamwona safuni.

Mimi sikutia neno, kwa kuwa sikuwa na neno la kutia. Nilijua kwamba mzee ameshika jambo kubwa, maana hadithi mashuhuri ya nia imo katika kinywa cha kila mtoto wa chuoni, na nilihisi vile vile kwamba kuna jambo limevunjika ambalo halikustahili kuvunjika. Lakini kati ya kujua na kuhisi sikuona njia. Niliiona baadaye, mahali nisipoitafuta, katika karakana ya vyuma nilikopeleka shafti ya mashine ya kusaga iliyokuwa imelika.

Mhunzi niliyemjua utotoni alikuwa na makaa, mivukuto na fuawe, na chuma chake kilipata moto kama mkate upatavyo moto tanuuni, yaani kwa kuzungukwa na kitu chenye moto kuliko chenyewe. Katika karakana ile hapakuwa na makaa wala mivukuto wala ulimi wa moto. Palikuwa na neli ya shaba nyekundu, nene kama kidole cha shahada, iliyokunjwa pete tatu zisizogusana, na ndani ya neli ile yalipita maji baridi mfululizo. Fundi alisimamisha shafti katikati ya pete zile, pakawa na nafasi ya upana wa ukucha baina ya shaba na chuma pande zote, akabonyeza swichi. Mtambo ukalia mlio mwembamba kama wa mbu, na kabla sijahesabu kumi uso wa shafti ulikuwa umegeuka kutoka kijivu hadi wekundu wa damu iliyovilia, na kutoka wekundu huo hadi rangi ya chungwa lililoiva. Mara maji yakafunguliwa, yakaimwagikia kutoka kila upande, mvuke ukapanda kwa kishindo, na kazi ikawa imekwisha. Mtambo ulipozimwa niliigusa ile neli ya shaba, nikaikuta baridi kama mtungi.

Nilimuuliza fundi moto umetoka wapi, maana kile nilichodhani kimepasha kilikuwa baridi, na kilichopashwa kilikuwa chekundu. Akanijibu, "Bwana, moto ni wa chuma chenyewe. Mtambo unakiamsha tu." Kisha akatoa chini ya meza kipande cha shafti nyingine ya namna ile ile, ambacho alikuwa amekikata kwa msumeno, akakisugua kwa msasa hadi kikang'aa, akakipaka tindikali hafifu, na katika uso wa mkato ule nikaona pete ya rangi moja, nene kiasi cha milimita tatu, imezunguka kiini cha rangi nyingine. Alinipa tupa, akaniambia nijaribu mwenyewe. Nilipoipitisha juu ya pete iliteleza kama juu ya kioo. Nilipoipitisha juu ya kiini iling'ata, ikatoa unga. Kumbe moto uliopita pale ulikuwa umeambiwa mahali pa kukoma, nao ukakoma. Nilimuuliza ni nani aliyeuambia, akasema, "Masafa."

Neno hilo moja lataka maelezo, na maelezo yenyewe yana asili yake London, ambako tarehe 29 Agosti 1831 Michael Faraday alizungusha nyaya katika pande mbili za pete moja ya chuma, upande huu usigusane na ule, akatia mkondo wa umeme katika upande wa kwanza na kutazama sindano ya sumaku iliyounganishwa na upande wa pili. Waswahili husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na Faraday alikuwa mwana wa mhunzi kwa damu; ujanani alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, lakini mivukuto aliyokuja kuwaachia wahunzi wa dunia haikupata kuonekana kabla yake. Aliona kwamba maadamu mkondo unapita kwa utulivu, hata uwe na nguvu namna gani, sindano haitikisiki; hutikisika pale tu mkondo unapounganishwa, na pale unapokatwa. Kitu kisichobadilika hakimwamshi jirani yake. Kinachoamsha ni mageuzi, na kadiri mageuzi yanavyokuwa mengi ndivyo uamshaji unavyokuwa mkali. Miaka mitatu baadaye Heinrich Lenz alionyesha kuwa mkondo ulioamshwa daima huelekea upande wa kupinga jambo lililouamsha; na mwaka 1855 Léon Foucault, Mfaransa, alizungusha sahani ya shaba baina ya ncha za sumaku, akaiona ikipata moto pasipo kuguswa, kwa sababu ndani yake ilizuka mikondo ya umeme yenye kujizungusha, kama maji yazungukavyo nyuma ya nguzo ya gati wakati wa kupwa. Mikondo hiyo husuguana na ukinzani wa madini yenyewe, na msuguano huo ndio moto. Fundi alisema kweli: shaba haikuipa shafti moto wowote. Iliipa msukosuko, na shafti kwa kukinza kwake ikajizalia moto.

Sasa nije kwenye masafa. Umeme wa majumbani mwetu hapa Afrika ya Mashariki hukamilisha duru 50 za kwenda na kurudi kwa kila sekunde, na hiyo ndiyo maana ya kusema masafa yake ni hezi 50. Mtambo wa fundi ulikuwa ukikamilisha duru 10,000. Mikondo iamshwayo katika chuma, kwa kuwa hupinga kilichoiamsha, humkinga yule aliye nyuma yake. Tabaka la nje hupokea msukosuko, hupigana nao, na hulipunguzia tabaka la ndani. Na mageuzi yakiwa ya upesi sana, tabaka la nje humaliza vita vyote peke yake, na kiini hakipati hata habari. Horace Lamb mwaka 1883 na Oliver Heaviside miaka miwili baadaye waliyatia mambo haya katika hesabu, na kanuni yake ni nyepesi kuikumbuka: ukiyaongeza masafa mara nne, kina kinapungua nusu, ukiyaongeza mara mia, hubaki sehemu moja ya kumi. Katika feleji iliyokwisha kuwa nyekundu, masafa ya hezi 50 huingia kiasi cha milimita 75. Ya 1,000 huingia kiasi cha 17. Ya 10,000 kiasi cha tano. Na ya 450,000 hayafiki milimita moja. Kina ninachokitaja si ukuta ambao moto hauvuki, bali ni lile tabaka ambalo ndani yake huzaliwa sehemu 86 katika kila 100 za moto wote. Kwa sababu hiyo wenye kuyeyusha tani nyingi za chuma tanuuni waliweza kutumia masafa ya chini kabisa, ambayo pia huukoroga uji wa chuma kwa nguvu. Na wenye kuimarisha ncha za meno madogo ya gia hutumia masafa ya mamia ya maelfu, ili meno yawe magumu na mwili wa gia ubaki kama ulivyokuwa.

Nilipoyaelewa haya, fikira yangu ya kwanza, nakiri, ilikuwa ya kumpa ushindi yule mzee wa barazani. Nilisema moyoni kwamba hiyo ndiyo hali ya kijana: sala zake ni za haraka, nyingi, za kufuata wenzake, na kila lenye haraka huishia kwenye ngozi, haraka haraka haina baraka. Nilirudi nyumbani na fikira hiyo, nikalala nayo, na asubuhi nikaiona ni pungufu. Ilipungukiwa na jambo ambalo fundi alinieleza kwa kupita tu, alipokuwa akifunga mfereji wa maji, nami nikarudi karakanani wiki ile ile ili anieleze tena kwa kirefu.

Jambo lenyewe ni hili. Feleji iliyo baridi ni mpenzi wa sumaku, na upendo huo huongeza ukaidi wake mara nyingi sana. Masafa yale yale ya hezi 50, ambayo nimesema huingia milimita 75, katika feleji baridi huishia kiasi cha milimita tatu. Moto wote huzaliwa kwenye ngozi. Lakini chuma kikifika kama nyuzi 770 za sentigredi, mahali panapoitwa kwa jina la Pierre Curie, ambaye mwaka 1895 alitangaza uchunguzi wake mkubwa wa mambo haya, mapenzi yale ya sumaku hukatika kwa ghafula. Ngozi iliyofikia joto hilo huacha kukinga. Mkondo ule ule, wenye masafa yale yale, usioongezewa nguvu wala kubadilishwa kwa lolote, hupenya tabaka lililokuwa ngome yake na kulishika tabaka la pili, nalo likifika nyuzi zile zile hufungua njia ya la tatu, na hivyo hivyo kwenda ndani, hata kina kikawa zaidi ya mara ishirini ya kile cha mwanzo. Hakuna kipande cha chuma baridi kinachoanza kupata moto wa namna hii katika kiini. Vyote huanzia ngozi, na ngozi ndiyo iachayo kinga ili kiini kifikiwe.

Hapo ndipo nilipoisoma upya sura ya 57 ya Kurani, ambayo jina lake ni Al-Hadid, yaani Chuma. Nilikuwa nimeisoma tangu utoto bila kumaizi kuwa katika sura hiyo moja, inayotaja kuteremshwa kwa chuma na nguvu na manufaa yaliyomo ndani yake, ndimo Mwenyezi Mungu anapoitwa, katika aya ya tatu, kwa majina ya Wa Mwanzo na Wa Mwisho, Wa Zahiri na Wa Batini. Majina hayo mawili ya mwisho hayakutajwa kama maadui. Yametajwa sambamba, ya Mmoja, na zahiri imetangulia. Sidai kwamba nimegundua tafsiri ambayo maulamaa hawakuiona. Nasema tu kwamba aliyezoea kuigawa dini mafungu mawili, la nje la kudharauliwa na la ndani la kutukuzwa, hapati msaada katika aya hiyo.

Wala hapati msaada mkubwa kwa Imamu Ghazali, ambaye wengi hudhani ni wakili wa batini peke yake. Ni kweli kwamba katika kitabu chake cha Ihya ameandika kwa kirefu juu ya huduri ya moyo katika sala, na mzee wetu bila shaka alikuwa akimkumbuka yeye. Lakini katika kitabu kile kile, anaposema juu ya kuzoeza nafsi, hufundisha kuwa mtu atakaye kuwa mwandishi wa hati nzuri hana njia ila kuulazimisha mkono wake kuiga mwendo wa waandishi siku nyingi, mpaka lililokuwa la kujilazimisha liwe tabia, na kwamba ukarimu na unyenyekevu hupatikana kwa mlango huo huo. Mkono hutangulia, moyo ukafuata, kisha moyo ukauongoza mkono. Yule kijana alikuwa ameuweka mkono wake katika kazi. Aliambiwa auondoe.

Kuna atakayenipinga akiniuliza juu ya mnafiki, ambaye ngozi yake ni ibada tupu na kiini chake ni ubaya, naye hupita maisha yote bila kiini chake kupata joto. Hoja hiyo ni nzito, na sipendi kuiruka. Jibu langu ni kwamba mnafiki hakinzi. Moto wa namna hii, nimekwisha kusema, huzaliwa na ukinzani wa chuma chenyewe; kitu kisichokinza hakipati moto, na ndiyo sababu neli ya shaba, ambayo umeme hupita ndani yake kwa urahisi, hupata moto kidogo tu unaochukuliwa na maji yapitayo tumboni mwake daima. Mnafiki ameweka maji baridi ndani yake. Kijana aliyekiri mbele ya wazee kwamba moyo wake haupo, na akaona haya kwa kulikiri, alikuwa akikinza, na uchungu ule wa kutokuwa mkweli mbele ya Mola wake ulikuwa ndio moto wenyewe, umekwisha kuwaka, ukiwa bado kwenye milimita tatu za kwanza.

Na kuna jambo la pili, la wembamba na unene, ambalo nadhani wahubiri wetu wangefaidika kulijua. Ukitwaa ufito wa chuma usiozidi unene wa kidole gumba ukauweka katika masafa ya hezi 50, utapata moto mwanzoni. Lakini ukikaribia zile nyuzi 770 huanza kusita, kwa maana kina cha mkondo kimekuwa kikubwa kuliko ufito wenyewe, na mkondo wa upande huu hukutana na wa upande ule ukaubatilisha. Nguvu ile nzito yenye mwendo wa pole hupita katika ufito kama vile ufito haupo. Ufito mwembamba hutaka masafa ya juu. Nimehudhuria darsa ambazo mashekhe wakubwa waliwasomea watoto wa miaka kumi na mitano juu ya fanaa na baqaa, yaani kutoweka kwa nafsi na kubakia kwa Mola, maneno ya kweli yenye kina cha bahari, na nimeona nyuso za watoto wale zikibaki baridi; si kwa upumbavu wao wala kwa taksiri ya sheikh, bali kwa kuwa mawimbi yalikuwa marefu kuliko chombo. Watoto hao hao huamshwa na mambo madogo ya mara kwa mara: kuamkiwa kila siku kwa jina, kupewa kazi ya kujaza birika la udhu, kusimama safu moja na rafiki.

Sitaki nifahamike kuwa nasifu haraka. Mtambo wenye masafa ya juu ukisukumwa kwa nguvu kubwa juu ya kipande kinene na baridi, ngozi hupanuka ilhali kiini kimebaki kama kilivyo, na chuma hupata ufa. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishiwa ekseli, katika karakana nyingine nisiyoitaja, ikiwa na ufa mwembamba kama unywele uliozunguka nusu ya mwili wake, na haikufaa tena kwa kazi yoyote. Fundi mwema hutia nguvu kidogo, husubiri, hutia tena, ili moto wa ngozi upate nafasi ya kutembea ndani kwa miguu yake mwenyewe. Kijana anayetishwa kwa Jahanamu kila jioni hupata ufa wa namna hiyo. Basi subira inatakiwa, lakini subira ya mwenye kuuweka moto ukiwaka. Kumrudisha mtu nyumbani asubiri kuitwa na moyo ni kuzima swichi.

Tena ule ugumu wa ngozi hauna ubaya wenyewe. Fundi alinieleza kwamba shafti iliyofanywa ngumu hadi kiini huvunjika kama kigae siku ya mshtuko wa kwanza. Huachwa laini ndani kwa makusudi, ili ngozi ihimili msuguano na kiini kihimili kishindo. Sura ile ile ya Chuma, katika aya ya 16, inawaonya walioamini wasiwe kama watu wa kabla yao waliopitiwa na muda mrefu na mioyo yao ikasusuwaa. Ugumu unaolaumiwa pale ni wa moyo. Mwenye kushika nyakati zake za sala, asiyetetereka katika ahadi zake, mgumu kwa nafsi yake katika mambo ya nje, na moyo wake ukawa mwepesi wa kusikitika na kusamehe, huyo ndiye shafti iliyotoka salama mikononi mwa fundi.

Najua kwamba Faraday mwenyewe asingeniruhusu kusema yote haya kwa jina lake. Alikuwa mtu wa dini kwa dhati, wa jamaa ndogo ya Wakristo waitwao Wasandemania, na mwaka 1840 alifanywa mzee wa kanisa lao; lakini katika mhadhara wake wa mwaka 1854 juu ya malezi ya akili alitenga kabisa imani ya dini na elimu ya mambo ya kawaida, akakataa kuisimamisha moja juu ya nyingine. Namheshimu kwa hilo, na nakubali kwamba mfano si dalili. Chuma hakithibitishi lolote juu ya roho. Lakini mtu aliyekwama katika fikira huweza kuona, kwa kutazama kitu kilicho mbele ya macho yake, kwamba njia aliyodhani haiwezekani inawezekana. Na mimi nilikuwa nimekwama, nikidhani kwamba ni lazima kuchagua baina ya sheria ya mzee wa pili na moyo wa mzee wa kwanza.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba kijana yule alikuwa katika njia iliyo sawa, na alitolewa njiani na mtu aliyempenda. Mzee wangu, nakuomba kwa heshima ile ile niliyokuwa nayo kwako kabla ya usiku ule: nyumba yao ni ya tatu kutoka kisimani, upande wa kibla, na Isha ya leo haijaadhiniwa bado. Mpitie umwite.